Hata asikiaye la mkuu huvunjika guu

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapana mwanafunzi aliyepitia shule za nchi hii ambaye hakuambiwa methali hii, na hapana mwalimu ambaye hakuitumia. Insha zilizotungwa juu yake hazihesabiki, na kisa chake hakibadiliki: kijana mkaidi anapuuza wasia wa mzee, anapatwa na balaa, anajuta. Methali hii ni ya kweli na wala sina nia ya kuipinga. Lakini ina upande wa pili ambao sisi walimu hatuutungishi insha. Itakuwaje iwapo mkuu mwenyewe amekosea? Na itakuwaje iwapo kijana amemsikiliza, akamtii, kisha guu likavunjika vile vile?

Swali hili limenisumbua kwa miaka kadhaa sasa, kila nilipofuatilia habari za timu za vyuo vikuu vya Marekani katika mchezo unaopendwa mno huko, futiboli ya Kimarekani. Msomaji asiuchanganye mchezo huo na kandanda yetu. Mpira wake una umbo la yai, aghalabu huchukuliwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mavazi mazito ya kujikinga kwa sababu kazi yao kubwa ni kugongana na kuangushana. Ni mchezo wa nguvu, wa mipango, na zaidi ya yote ni mchezo wa utiifu. Wachezaji kumi na mmoja hutakiwa kutenda jambo moja kwa nukta moja, kama alivyoagiza mkufunzi.

Pengine msomaji atauliza, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, tangu miaka ya sabini vijana wetu wamekuwa wakienda kusoma katika vyuo hivyo hivyo kwa ufadhili wa michezo. Marehemu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 mwaka wa 1978. Mike Boit naye alisoma huko kwa miguu yake, kisha akarejea na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika vyuo vingi vikubwa, pato la futiboli ndilo linalosaidia kugharimia michezo mingine, riadha ikiwemo. Kwa hivyo mkimbiaji wetu anayelipiwa karo huko hula katika chungu kilichoinjikwa na futiboli. Pili, na hili ndilo kubwa, sisi nasi tuna timu. Kila shule ina timu, kila timu ina mkuu, na kila mkuu hudai utiifu.

Ili kuelewa uzito wa jambo lenyewe, yafaa kwanza tuone ukubwa wa mchezo huo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huingiza watazamaji zaidi ya 107,000. Watu hao wangekaribishwa katika viwanja vyetu vya Kasarani na Nyayo kwa wakati mmoja, bado wengine wangebaki nje wakigombana na walinda lango. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayepokea mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, si jaji, wala si daktari bingwa. Ni kocha wa timu ya chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo akisema, nani atathubutu kusema baada yake?

Wala tusidhani kwamba Wamarekani wenyewe hawakuiona hatari hii mapema. Mwaka wa 1905 vijana waliokufa wakicheza walikuwa wengi hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wakuu wa michezo wa vyuo mashuhuri ili wautengeneze mchezo huo. Mwaka uliofuata kikaundwa chama ambacho leo kinaitwa NCAA, ndicho kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Mwaka wa 1929 wakfu wa Carnegie ulitoa ripoti ndefu iliyolalamika kwamba biashara imeingia katika michezo ya wanafunzi na kuipotosha elimu. Mwaka wa 1939 Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifanya jambo ambalo wakuu wengi wangeliogopa: aliifuta kabisa timu ya futiboli, ijapokuwa miaka minne tu kabla yake mchezaji wa chuo hicho alikuwa amepewa tuzo ya kwanza kabisa ya mchezaji bora nchini. Mahali ulipokuwa uwanja wa timu ile leo pamesimama maktaba. Lakini Chicago ilikuwa peke yake katika njia hiyo. Wenzake wengi waliendelea kujenga viwanja.

Katika vyuo hivyo hapana neno linalotajwa mara nyingi kama utamaduni wa timu. Kocha mpya akiajiriwa, jambo la kwanza analoahidi ni kujenga utamaduni mpya. Hutundika maneno matukufu ukutani: heshima, familia, kujitolea. Wachezaji huligusa bango wanapotoka chumbani kwenda uwanjani. Sidharau mambo haya. Vijana wengi wa familia maskini, Weusi kwa Weupe, wamepata katika timu hizo baba ambaye hawakuwa naye nyumbani, nidhamu ambayo hawakuipata mtaani, na shahada ambayo wazazi wao hawakuiota. Umoja ni nguvu, na mtu aliyewahi kuvuja jasho pamoja na wenzake kwa lengo moja anajua kwamba hakuna shule inayofundisha umoja kuliko hiyo.

Lakini utamaduni wa timu hauonekani katika bango. Ukitaka kuujua, usimwulize kocha, na wala usimwulize nahodha. Mtazame mtu mdogo kuliko wote katika kundi lile, kisha uulize: siku aliyoona jambo baya, alisema? Na aliposema, ilikuwaje? Nitatoa mifano minne.

Tarehe 29 Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, kijana mmoja wa miaka 19 aliyeitwa Jordan McNair alikuwa mazoezini na wenzake. Walikuwa wakikimbizwa mbio fupi fupi za kurudia. McNair alizidiwa na joto. Mwili wake ulionyesha dalili ambazo kila mhudumu wa afya ya wanamichezo amefundishwa kuzitambua, na dawa ya kwanza ya maradhi hayo haihitaji hospitali kubwa: ni kumtumbukiza mgonjwa katika maji baridi mara moja. Hakutumbukizwa, wala joto lake halikupimwa. Zaidi ya saa nzima ilipita tangu dalili zionekane hadi gari la wagonjwa lilipoitwa. Alifariki tarehe 13 Juni. Mkuu wa chuo, Wallace Loh, alikiri hadharani kwamba chuo kilibeba lawama ya kisheria na ya kimaadili.

Hapo ndipo palipozuka swali la utamaduni. Tume iliyochunguza timu hiyo ilisema kwamba haikuona utamaduni wa sumu, kama baadhi ya magazeti yalivyodai, lakini iliona kwamba matatizo yalilimbikizana kwa sababu wachezaji wengi waliogopa kusema. Baraza la wasimamizi wa vyuo vya jimbo likaamua tarehe 30 Oktoba kwamba kocha arudi kazini. Kelele zikapigwa na wazazi wa marehemu, wanafunzi na wanasiasa, na siku ya pili yake mkuu wa chuo akamfuta kocha huyo. Mimi sitaki kumhukumu mtu hapa. Natazama maneno yale ya tume tu: wachezaji wengi waliogopa kusema. Tafakari, msomaji. Vijana wenye misuli kama ya simba, wasioogopa kugongana na mtu wa kilo 140 anayekuja kwa kasi, waliogopa neno moja: basi. McNair hakuwa mkaidi. Alisikia la mkuu.

Mfano wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, chuo chenye sifa kubwa ya elimu. Mwanzoni mwa Julai 2023 chuo kilitangaza kwamba uchunguzi umeonyesha kuwako kwa desturi ya kuwadhalilisha wachezaji wapya, na kocha Pat Fitzgerald akasimamishwa kazi kwa majuma mawili bila malipo. Ilionekana kwamba jambo limekwisha. Lakini siku iliyofuata gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Daily Northwestern, lilichapa maelezo ya mmoja wa waliokuwa wachezaji, na maelezo hayo yalikuwa mazito mno kwa adhabu nyepesi kama ile. Siku mbili baadaye kocha akafutwa. Wanafunzi wetu wanaohariri majarida ya shule na walikumbuke hilo: jambo ambalo wakubwa walitaka kulimaliza kwa majuma mawili lilifufuliwa na vijana wenye kalamu.

Fitzgerald alikana siku zote kwamba alijua. Alikishtaki chuo, na Agosti 2025 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Chuo kikasema kwamba ushahidi haukuonyesha kuwa mchezaji yeyote alimpelekea kocha malalamiko hayo. Haya, tulichukue neno hilo kuwa kweli kabisa, kwamba kocha hakujua. Je, hilo linaituliza roho ya mwalimu? Mimi linanitia hofu zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuishi na vijana miaka kumi na saba, awaite wanawe, wamwite baba, na mambo yatendeke chumbani mwao asipate kuarifiwa na hata mmoja. Huo si upungufu wa macho ya kocha pekee. Ni utamaduni uliomfundisha kila kijana kwamba siri ya timu ni kubwa kuliko aibu ya mwenzake.

Mfano wa tatu ndio mchungu kuliko yote, na nitaueleza kwa ufupi kwa sababu ya uzito wake. Joe Paterno aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Penn State tangu mwaka wa 1966. Alikuwa mfano wa kocha mwema. Alisisitiza masomo, familia yake ikachanga fedha za maktaba ya chuo ambayo sehemu yake inaitwa kwa jina lao, na sifa ya timu yake ilikuwa ushindi pamoja na heshima. Msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alikuwa akiwanajisi watoto wa kiume aliowapata kupitia shirika la hisani alilolianzisha yeye mwenyewe. Mwaka wa 2001 mkufunzi mmoja kijana alimwona na mtoto bafuni. Alimweleza Paterno, Paterno akamweleza mkuu wa michezo, habari ikapanda hadi kwa mkuu wa chuo. Ikaishia hapo. Polisi hawakuarifiwa, na Sandusky hakukamatwa hadi Novemba 2011. Alipatikana na hatia ya makosa 45, akafungwa miaka isiyopungua 30. Paterno aliachishwa kazi na akafariki miezi miwili baadaye. Mkuu wa chuo na wasaidizi wake wawili nao walifikishwa mahakamani na kupatikana na hatia ya kuhatarisha watoto.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Pale Penn State wazee walikuwapo, tena wazee wenye hekima, na neno likaharibika mbele yao. Lakini katika kisa hicho kuna watu ambao majina yao hayatajwi. Ripoti iliyotolewa Julai 2012 inaeleza kwamba mwaka wa 2000, yaani kabla hata ya yule mkufunzi kijana, wafagiaji wa jengo la timu walishuhudia uovu huo. Walifadhaika, wakashauriana, wakanyamaza. Waliogopa kufutwa kazi. Waliona kwamba futiboli ndiyo inayotawala chuo, na kwamba fagio haliwezi kushindana na kocha. Laiti mfagiaji mmoja angejua kwamba neno lake lina thamani mbele ya ofisi yoyote ile, watoto wangapi wangeokolewa? Hicho ndicho kipimo nilichokitaja. Bango lilisema heshima, lakini mtu mdogo kuliko wote hakuwa na mlango wa kubisha.

Mfano wa nne unatugusa sisi watumiaji wa Kiswahili moja kwa moja, nao hauna maiti wala jeraha, ila una aibu. Mwaka wa 2014 ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kwa muda wa miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitishwa katika kozi ambazo hazikuwa na mhadhara wala mwalimu. Mwanafunzi alitakiwa kuandika karatasi moja tu, nayo ikisahihishwa na karani wa idara, akapewa alama za juu. Karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo, wengi wao wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu, ilhali wanamichezo hawakuwa hata sehemu moja ya ishirini ya wanafunzi wote wa chuo. Idara yenyewe ilikuwa ya masomo ya Kiafrika. Na miongoni mwa kozi hizo ilikuwamo ya Kiswahili: baadhi ya wanafunzi walitimiza sharti la kujifunza lugha ya kigeni kwa kuandika karatasi kwa Kiingereza.

Naam, mtu anahesabiwa kuwa amejifunza Kiswahili kwa kuandika Kiingereza! Lugha yetu, ambayo walimu wa nchi hii wanaihangaikia usiku na mchana, ilifanywa mlango wa nyuma wa kuwapitisha wachezaji. Ripoti ilieleza kwamba washauri wa masomo wa timu ya futiboli waliwahi kuwaonyesha makocha, mwaka wa 2009, jinsi kozi hizo zilivyowafaa wachezaji: hawakuhitaji kwenda darasani, wala kuandika nukuu, wala hata kukaa macho. Yaani chumba kizima cha watu wazima kiliyasikia hayo. Aliyesema hadharani ni mwalimu mmoja wa kuwasaidia wanamichezo katika kusoma, Mary Willingham, na aliandamwa hata akaiacha kazi. Chama cha NCAA kilitamka mwaka wa 2017 kwamba hakiwezi kukiadhibu chuo, kwa hoja kwamba kozi hizo zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Kisheria pengine ni sawa. Lakini kijana aliyecheza miaka minne, akavunjwa mbavu kwa ajili ya chuo, kisha akarudishwa kwao na cheti kisicho na elimu, ni nani atakayemrudishia miaka yake?

Ukiiweka mifano hii minne bega kwa bega utaona kwamba haifanani kwa makosa. Mmoja ni uzembe uliosababisha mauti, wa pili ni unyanyasaji, wa tatu ni uhalifu mkubwa, wa nne ni wizi wa elimu. Kinachofanana ni kimya. Na kimya hicho hakikuzaliwa na watu wabaya watupu. Kilizaliwa na sifa zile zile tunazozitukuza: uvumilivu, uaminifu kwa kundi, utiifu kwa mkuu. Sifa hizo zikikosa mpaka hugeuka sumu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na timu nayo ni vivyo hivyo.

Wapo wanaodai kwamba dawa imepatikana, nayo ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupokea malipo kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Isitoshe, mchezaji sasa anaweza kuhama chuo kwa urahisi ambao babake hakuujua. Hoja yao ina uzito. Mtu mwenye pa kwenda ana sauti. Kocha anayejua kwamba mchezaji wake bora aweza kufunga virago mwishoni mwa msimu atafikiri mara mbili kabla ya kumdhalilisha. Na haki ni haki: wale waliojaza viwanja vya watu laki moja walistahili kulipwa zamani.

Lakini fedha humpa sauti yule mwenye bei. Mfagiaji hana bei. Mwalimu wa kuwasaidia wanafunzi kusoma hana bei. Mchezaji wa akiba asiyejulikana na mtu, aliyejeruhiwa na anayeogopa kupoteza ufadhili wake, hana bei. Tena mkimbiaji wetu kutoka Bonde la Ufa, aliyeko huko kwa viza ya mwanafunzi, anabanwa na sheria za uhamiaji asiweze kuchuma kama wenzake, na wakati huo huo baadhi ya vyuo vimeanza kufuta michezo midogo ili kupata fedha za kuwalipa wanafutiboli. Hapana, fedha haiwezi kuwa badala ya maadili.

Je, yawezekana timu kuwa na umoja na dhamiri kwa pamoja? Yawezekana, na mfano upo. Mnamo Novemba 2015, katika Chuo Kikuu cha Missouri, wanafunzi Weusi walikuwa wakilalamikia ubaguzi, na mmoja wao alikuwa amegoma kula. Wasimamizi hawakushughulika. Ndipo wachezaji Weusi wa timu ya futiboli walipotangaza kwamba hawatafanya mazoezi wala kucheza hadi mkuu wa mfumo wa chuo hicho, Tim Wolfe, atakapoondoka. Wenzao Weupe wakasimama nao. Kocha wao, Gary Pinkel, angeweza kuwatisha kwa ufadhili wao. Badala yake alitangaza kwamba yuko pamoja nao. Kutocheza mechi moja iliyokuwa mbele yao kungekigharimu chuo dola milioni moja. Haukupita muda wa siku mbili, Wolfe akajiuzulu. Mtu anaweza kubishana kama alistahili kuondoka ama la, na Wamarekani wanabishana hadi leo. Lakini angalia jambo moja: umoja ule ule ambao Maryland ulizaa kimya, hapa ulizaa sauti. Tofauti ilikuwa kwamba vijana waliamini kuwa kusema ukweli hakutawatoa katika familia, na mkuu alipoambiwa hapana hakuona kwamba amevunjiwa heshima.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya ili tuwacheke Wamarekani. Nilipokuwa kijana katika kazi ya ualimu nilipewa dhamana ya michezo katika shule moja ambayo sitaitaja. Tulifika fainali ya wilaya. Mshambulizi wetu alikuwa na goti lililovimba, nami nililiona. Nilimwuliza mbele ya wenzake wote, basi likiwa tayari linanguruma: wewe, unaweza kucheza ama huwezi? Akajibu, naweza, mwalimu. Nilijua kwamba anasema uongo, naye alijua kwamba najua. Alicheza, tukashinda, tukaimba njia nzima. Goti lile halikupona sawasawa hadi leo. Nimekutana naye mara mbili tatu mjini; ni mtu mzima mwenye familia, hunisalimu kwa heshima zote na kuniita mwalimu wangu. Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Sikumlazimisha. Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa na jibu moja tu.

Ninyi walimu wenzangu mnaijua hali yetu. Mnajua kuhusu timu zinazofukuzwa mashindanoni kwa kuchezesha watu waliomaliza shule zamani. Mnajua kuhusu mchezaji hodari anayehamishwa kutoka shule ya kwao muhula mmoja kabla ya mashindano, akaahidiwa karo, kisha akasahauliwa msimu ukiisha. Mnajua kuhusu wanafunzi wapya wanaoteswa mabwenini kwa jina la desturi. Katika kila moja ya mambo haya kuna mtoto aliyejua, mpishi aliyejua, mlinzi aliyejua. Nani alimwendea nani?

Sidai kwamba tuvunje utiifu. Timu isiyomsikiliza mkufunzi wake ni soko, na shule isiyo na nidhamu ni pori. Ninachodai ni kwamba yeyote anayedai utiifu awajibike kuujenga mlango wa kumwambia hapana, tena aujenge kabla ya siku ya hatari. Mchezaji aliyeumia aulizwe faraghani, si mbele ya wenzake. Uamuzi wa nani ni mgonjwa na nani ni mzima asiachiwe mtu anayetaka ushindi. Kitabu cha mahudhurio ya mchezaji darasani kikaguliwe na mwalimu asiyehusika na timu. Na siku ambayo mtoto mdogo kuliko wote, au mpishi, au mfagiaji, ataleta neno zito, asiulizwe kwanza wewe ni nani. Aulizwe umeona nini.

Na ninyi wanafunzi, msinielewe vibaya mkaja kusema mwandishi wa gazetini amewaruhusu kuwa wakaidi. Mkaidi hukataa kwa sababu ya nafsi yake. Mtu mwenye dhamiri hukataa kwa sababu ya mwenzake. Ukimwona mwenzako anaanguka mazoezini na mkuu anasema endeleeni, kusimama kwako si usaliti wa timu. Huenda siku hiyo wewe peke yako ndiwe timu.

Mtihani ukija tena wa kutunga kisa kinachodhihirisha maana ya methali asiyesikia la mkuu huvunjika guu, andikeni kama mlivyofundishwa, maana alama ni alama. Lakini mkimaliza, mkumbukeni Jordan McNair. Alisikia.